Mama Bisibisi na mashine inayomsemea Kasuku

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Kwenye sebule ya ghorofa ya pili, mwanamke wa makamo ameinamia meza ya chakula, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Mbele yake kuna laptopu iliyofunuliwa mgongo. Anapitisha brashi ya rangi kati ya mapanga ya feni, taratibu, kisha kwa kibanio anavuta kitu cha kijivu kilichoshikamana kama pamba ya mto wa zamani.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinaizima," anasema bila kugeuka. "Vumbi, nyuzi za blanketi, na nywele za paka. Wana paka hawa? Mbona hawakuniambia?"

Huyu ndiye fundi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Bisibisi. Hana duka wala kibao mlangoni. Ana meza hii ya watu sita, ambayo kwa makubaliano ya nyumba ni yake tangu vikombe vya chai vinapoondolewa asubuhi hadi chakula cha jioni kinapoiva.

"Sufuria ikiepuliwa, mimi nakusanya virago," anasema. "Hata kama nimempasua mtu kifua."

Leo nusu ya meza imetandikwa kitambaa cheupe chenye maua. Fundi anakitupia jicho, kisha anamtupia mwandishi wa makala haya.

"Hicho ni chako, mgeni wa gazeti. Mimi miaka yote hii sijawahi kutandikiwa."

Aliyekitandika anasikika jikoni akisuuza vikombe. Ni mama mkwe wake, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwepesi wa mikono, ambaye kila anayeingia hapa anamwita Bibi. Tangu alfajiri amepiga deki, amefuta madirisha na kupangusa kila kilichosimama. "Mgeni akikuta vumbi, ataandika vumbi," anajitetea kutoka huko huko jikoni.

Hakukosea. Wengi wetu ndivyo tulivyo.

Mwandishi huyu naye hakuja mikono mitupu. Alibeba laptopu yake, ambayo kwa miezi sasa inanguruma kila ikifunguliwa. Mama Bisibisi aliipokea, akaipindua juu ya kile kitambaa cheupe, akaigonga mgongoni mara moja. Makombo ya mkate yakamwagika.

"Hapa huwa unaandika au unafungua kinywa?"

Makombo yalikuwa mengi.

Kwa wiki anapokea mashine saba, nane hivi. Nyingi, anasema, haziumwi, ni uchafu tu. Watu wanaziweka juu ya godoro au mto, matundu ya chini yanaziba, joto linakosa pa kutokea, na mashine inajizima ili isiungue. Mwenyewe anadhani imerogwa. Anaibeba, anakuja mbio, anapanda ngazi anahema.

"Namwambia, mpendwa, mashine nayo inapumua. Ukimfunika mtu pua na mdomo halafu ukamwambia aimbe, ataimba?"

Ushauri wake unaingia kwenye kiganja: weka mashine juu ya kitu kigumu, chai ikae upande wa pili wa meza, ikimwagikiwa, zima, chomoa waya, iinamishe, usiiwashe "kuangalia kama iko salama", na angalau mara moja kwa mwaka mpelekee mtu aifungue, aisafishe, apake upya ile dawa nyeupe inayosaidia kutoa joto kwenye prosesa. "Hilo la mwisho watu wanadhani najitafutia riziki," anasema. "Basi wapeleke kwa fundi mwingine. Ila wapeleke."

Ufundi hakuupata darasani. Alikuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya ofisi, kazi yake kupokea mashine mbovu kaunta na kuzipeleka chumba cha nyuma. Kila akipeleka alikuwa anachelewa kurudi kaunta, maana alisimama kuangalia. Duka lilipofungwa, wenzake waliondoka na barua za shukrani. Yeye aliomba apewe sanduku la bisibisi kuukuu.

Mashine ya kwanza kuifungua nyumbani ilikuwa ya mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu. Hakumwomba ruhusa. Aliisafisha, akaifunga, ikawaka, na mkononi akabaki na skrubu tatu.

"Nikafurahi! Nikajua mimi ni mjuzi kuliko waliotengeneza, wao walizidisha skrubu," anasema, na hapo anacheka hadi anavua miwani. "Wiki ya pili kifuniko cha chini kikaanza kucheza kama jino la mtoto. Mume wangu akiandika, mashine inapiga makofi."

Kuanzia hapo akajiwekea utaratibu ambao hauvunji. Kila mashine ina kipande chake cha boksi. Anachora juu yake umbo la mgongo wa mashine, anatoboa tundu mahali penye kila skrubu, na kila anayoifungua anaichomeka pale pale ilipotoka. Skrubu za laptopu, anaeleza, kwa macho zinafanana kama mapacha, lakini hazilingani urefu. Ndefu hukaa nyuma, karibu na bawaba za kioo. Fupi hukaa mbele, pale viganja vinapoegemea unapoandika, kwa sababu chini yake moja kwa moja ni bodi.

"Bodi ndiyo roho ya mashine. Ukiweka ndefu penye fupi, ncha inatokeza upande wa pili na kuichoma."

Boksi la mashine ya leo liko mezani, limechorwa kwa kalamu ya buluu, na kila tundu lina skrubu yake.

Mashine yenyewe ni ya msichana wa miaka kumi na tisa anayeitwa Kasuku. Jina hilo alipewa na baba yake angali mdogo, kwa kuwa alikuwa haishiwi maneno. Hata usingizini alikuwa anasimulia. Miaka mitatu iliyopita aliugua. Ugonjwa ulipoondoka uliondoka na sauti, na vidole ukaviacha vigumu, visivyoweza vibonye vidogo vya simu. Jina likabaki. Yeye mwenyewe alikataa libadilishwe.

Sasa anaandika kwenye laptopu, nayo inamsemea. Ametumia miaka miwili kuifundisha kutamka Kiswahili kama watu, maana mwanzoni, anasema Mama Bisibisi, ilikuwa inaongea kama mtalii. Neno kwa neno aliirekebisha. Ni mashine ya bei rahisi, ya aina ambayo kumbukumbu yake imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuichomoa ukaihamishia kwingine. Bodi ikifa, yote aliyoifundisha yamekwenda nayo.

Na kuna la Jumatatu. Kasuku ameitwa usaili katika chuo cha uhasibu. Ni mara yake ya pili. Mara ya kwanza, katikati ya sentensi, mashine ilipata joto ikazima. Waliokuwa wanamsaili hawakuwa watu wabaya. Walingoja kidogo, wakatazamana, kisha wakamwita baba yake aliyekuwa nje, wakaanza kumuuliza yeye. Anapenda hesabu? Atamudu masomo? Ana marafiki?

"Na yeye kakaa pale pale, anawasikia," anasema Mama Bisibisi, akipaka ile dawa nyeupe kwa ncha ya kadi ya zamani ya simu. "Baba mtu aliponisimulia, nilishindwa kumtazama usoni. Nikamwambia lete hiyo mashine. Jumatatu haitazima. Nimempa neno langu."

Alasiri ya leo ndipo wanapokuja kuichukua.

Anarudisha feni, anaunganisha betri, anafunika. Anaanza kuchomoa skrubu kwenye boksi moja baada ya nyingine na kuzikaza, huku mwandishi huyu, kwa udadisi wa kazi, akimmiminia maswali. Je, majirani walimwonaje mwanzoni? Anajibu kwa furaha, mkono unazungusha. Mahali fulani anasita, anakunja uso, anakaza tena kidogo, anaendelea kusimulia.

Anabonyeza kitufe cha kuwashia.

Hakuna kitu.

Anabonyeza tena, anakishikilia. Anachomeka chaja. Anabadilisha chaja. Kile kitaa kidogo cha pembeni, ambacho jana kilikuwa kinawaka, hakiwaki. Mama Bisibisi anaipindua mashine, anaitazama mgongo.

"Ilikuwa nzima," anasema kwa sauti ya chini. "Joto tu ndilo lililokuwa linaisumbua. Jana niliiwasha mwenyewe kabla ya kuifungua."

Bibi amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Amesimama hapo muda, na kwa mtu asiyetulia kama yeye, hilo peke yake lilitosha kuuliza kulikoni.

"Mwanangu," anasema. "Hivyo vidude vya kwenye boksi."

"Vimefanya nini, Mama?"

"Asubuhi nilinyanyua boksi nipanguse meza, mgeni anakuja. Vikaanguka. Vyote." Anakunja kile kitambaa. "Nikaviokota. Nilihesabu matundu, nikarudisha kila kimoja kwenye tundu. Niliona vinafanana. Nikasema sitakusumbua kwa jambo dogo."

Jamani. Mwandishi huyu alitazama kile kitambaa chenye maua na kutamani angekuja bila taarifa.

Mama Bisibisi anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa blauzi, anaivaa tena. Baadaye angekiri: "Nilikasirika. Siwezi kukudanganya. Nilitaka kusema neno ambalo lingekaa humu ndani hadi tuzeeke." Lakini wakati ule alichosema kilikuwa kingine.

"Hata mimi nina kosa. Skrubu moja ya mbele ilikuwa nzito kuingia, na za nyuma zilikuwa zinazunguka bure. Mkono uliniambia, nikaendelea kupiga soga na mwandishi."

Anaifungua upya. Anaziweka skrubu mbili za mbele kwenye kiganja, karibu na zile za nyuma, na hapo hata asiye fundi anaona: moja ya mbele imezidi urefu wa mwenzake mara mbili. Anainua bodi, anaigeuzia dirishani, anashika kikuza. Kwenye ule ubao wa kijani kuna kidonda kidogo kama alama ya sindano, na kimepita juu ya njia moja ya umeme, nyembamba kuliko unywele.

"Imekatika," anasema.

Bibi anakaa kwenye kiti cha karibu, kama aliyemwagiwa maji. "Basi nimemziba mdomo mtoto wa watu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Maji ndiyo hayazoleki, Mama. Risasi ya kuchomelea inayeyushwa tena. Njoo unishikie taa."

"Mimi? Nimekwisha kuharibu, sasa niongezee?"

"Nani mwingine? Mwandishi mikono inamtetemeka, hebu mwangalie."

Ilikuwa kweli.

Kwa hiyo Bibi anashika taa. Anaishika kwa mikono miwili, viwiko vimeegemea meza, wala hapepesi macho. Mama Bisibisi anakwangua rangi ya kijani pande mbili za jeraha hadi shaba inang'aa. Kutoka kwenye waya wa spika iliyokufa anavuta uzi mmoja wa shaba, mmoja tu, anaukata kwa kipimo cha punje ya mchele. Anaulaza juu ya jeraha. Mwandishi huyu, safari hii, hakuuliza kitu. Ncha ya chuma cha kuchomelea inagusa upande mmoja, moshi mwembamba unapanda, kisha inageukia upande wa pili, na uzi unaruka.

"Lo!"

"Tulia, Mama. Hata mimi uzi huniponyoka. Sogeza taa kushoto."

Anavuta uzi mwingine. Huu unashika upande wa kwanza. Upande wa pili anashusha pumzi kwanza, ndipo anagusa. Anapima kwa mita, na mita inalia: njia imeunganika. Juu ya kiungo anadondosha rangi ya kucha, nyekundu, kuzuia kisiguse kingine. Chupa ni ya Bibi, ya enzi za ujana wake, anasema, na kumbe bado haijakauka.

Skrubu wanazipanga wote wawili. Bibi anaziweka sambamba kwenye kitambaa chenye maua, ndefu upande huu, fupi upande ule, na kila moja anauliza, "Hii ya wapi?" Anaambiwa, naye anairudia kwa sauti kabla hajaitoa. Mama Bisibisi anaunganisha betri, anafunika, anakaza kila moja bila kuongea. Anaweka kidole juu ya kitufe. Hakibonyezi.

"Bonyeza basi," Bibi anamwambia. "Tujue moja."

Kitaa kinawaka. Kioo kinafuata. Bibi anafunika uso kwa kitambaa cha vyombo, mabega yanatikisika, na mkwewe anaweka mkono mgongoni mwake, kile chuma cha kuchomelea bado kinafuka pembeni. Hakuna aliyejali kukizima hadi mwandishi huyu alipochomoa waya.

Kasuku na baba yake, mpishi wa shule ya bweni, wanabisha hodi alasiri. Msichana ni mrefu, ana macho ya mtu anayekusubiri umalize ili akujibu. Mashine iko mezani, inawaka tangu saa ile na haijapata joto. Mama Bisibisi angeweza kuikabidhi, akapokea asante na kufunga mlango.

"Kaeni kwanza," anawaambia. "Asubuhi niliiua mashine hii. Nikaifufua, lakini niliiua."

"Si yeye," Bibi anadakia. "Ni mimi. Nilichanganya skrubu, nikanyamaza."

Baba mpishi anafungua kinywa, lakini binti yake anainua mkono. Anavuta laptopu. Anaandika kwa vidole viwili, polepole, na wote tunangoja. Kisha spika inatoa sauti bapa ya kike, yenye Kiswahili kilichonyooka kabisa.

"Bibi, umeninyamazisha saa nzima. Baba amejaribu tangu nizaliwe, ameshindwa."

Kicheko cha kwanza ni cha baba. Bibi analia na kucheka kwa pamoja. Msichana ameinama tena, anaandika.

"Mama Bisibisi. Ungeweza kutoniambia. Asante kwa kuniambia mimi."

Kabla hawajaondoka, fundi anawaonyesha tone la rangi nyekundu kwenye picha aliyoipiga kwa simu, ili fundi mwingine yeyote akiifungua siku moja asishangae. Anawaambia wazi kwamba kiungo kile kinaweza kudumu miaka na kinaweza kukatika kesho. Waiwashe leo na kesho, kutwa, iongee wee. "Ikinyamaza, nipigieni hata kama nimelala." Kasuku anaandika kwamba kuongea kutwa si adhabu.

Jumatatu, kabla ya saa sita, mwandishi huyu anarudi kuchukua mashine yake. Imesafishwa, haingurumi. Meza haina kitambaa. Simu ya Mama Bisibisi imewekwa katikati, uso juu, na yeye anajifanya anasafisha kibodi ya mteja mwingine. Ameisafisha, kwa hesabu ya Bibi, kuanzia asubuhi.

Aulizwapo mipango yake, anaonyesha mlango wa stoo karibu na jikoni. Mumewe akirudi safari hii watatoa mizigo, wapige rangi, waweke dirisha kubwa na meza ya kazi isiyo ya kulia chakula. Anataka pia awafundishe akina mama wa hapa mtaani kusafisha mashine za watoto wao wenyewe. "Wanaweza. Ni uvumilivu tu, na kutowasikiliza waandishi."

"Na kufuli utaweka?" Bibi anauliza, macho yakiwa kwenye mboga anazochambua.

"Nitaweka, Mama."

"Sawa. Ni haki yako."

"Funguo mbili. Taa sitashika mwenyewe."

Bibi anachambua mboga kwa kasi mpya.

Simu inaita. Mama Bisibisi anainyakua, inamponyoka, anaishika, anaweka sauti kubwa. Ni baba mpishi, anaongea kwa kunong'ona, na nyuma yake kunasikika viatu vya watu wakipita kwenye korido.

"Fundi."

"Nipo. Imezima?"

"Sijui, fundi. Mimi niko nje hapa, kwenye benchi. Aliingia tangu saa nne." Anavuta pumzi, na ananong'ona kwa shida, kama mtu anayezuia kilio au kicheko. "Nasikia wanacheka huko ndani. Mlango umefungwa. Hawajaniita, fundi. Mpaka sasa hawajaniita."